Kutibiwa Ukilala Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya ulevi. Sababu mnaijua. Katika mkutano uliopita nilibebwa kabla chakula hakijaandaliwa.

Leo asubuhi tulisimama kimya kuwakumbuka wenzetu waliofariki. Wawili kati yao nilikuwa nikinywa nao. Sote tuliamini mlevi ana njia mbili tu, kufungiwa wodini au kufa. Kumbe ipo ya tatu, nayo ni kutibiwa kama mgonjwa wa nje.

Daktari alinipima, akanipa dawa za siku chache za kutuliza mwili. Mke wangu ndiye aliyezishika. Kisha kila wiki nilikwenda kliniki kuzungumza na mshauri, na jioni nikakaa na kikundi cha watu walioacha pombe. Kazini sikukosa. Lakini nilionywa, nami nawaonya: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kupata degedege, hata kufa. Wengine hulazimika kulazwa kwanza.

Kwa wanaotumia heroini, yaani unga, ipo methadoni. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Anayeanza hufika kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, kisha huenda zake. Dawa hiyo hutuliza arosto na kupunguza hamu, mtu akaweza kufikiri habari ya kazi. Wengine huitumia kwa miaka. Haitibu pombe wala bangi.

Vijana, msidhani njia hii ni nyepesi. Wodini mlango hufungwa na mwingine. Nyumbani unaufunga mwenyewe, na baa iko njiani. Mimi nilirudia pombe mara mbili. Mara zote mbili nilirudi kliniki, wala sikufukuzwa.

Aliyenipeleka siku ya kwanza yumo humu ukumbini. Tulilala bweni moja. Hakunihubiria. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi, sijagusa chupa, akasema, "Vaa viatu, twende." Akakaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa.

Kama unaye mwenzako wa namna ile, usingoje mkutano ujao.