Maua ya nyumbani hayafukuzi hewa ya makala
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Leo tunaanza na kosa letu. Kwenye mafunzo ya usafi tulisema maua ya ndani yanasafisha hewa. Haikuwa uongo, lakini hatukusema yote. Juzi, mvua ikinyesha, tulipita kwa mama mmoja mwanachama. Makopo matatu ya maua yamepangwa vizuri, dirisha limefungwa, mbabula inawaka ndani. Watoto wawili kichwa kinawauma, mmoja anatapika. Tukawatoa nje haraka, wakapata nafuu. Mama akatuuliza: "Si ninyi mlisema maua yanasafisha?" Hatukuwa na jibu.

Jibu ni hili. Mwaka 1989 watafiti wa NASA, Marekani, wakiongozwa na Wolverton, walifungia mimea ndani ya sanduku lisilopitisha hewa. Ikapunguza mivuke ya sumu, kama benzini. Lakini nyumba si sanduku. Mwaka 2019 Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipiga hesabu upya: ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayoingia na kutoka, ingetakiwa mimea 10 mpaka 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Sasa mtu atalala wapi?

Tena makala ina hatari yake. Inatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni. Hata moshi ukiisha, makala ikiwa nyekundu bado inaitoa. Kopo la maua haliwezi kitu hapo.

Kwa hiyo tunaomba: mbabula ibaki nje, chini ya kibanda. Usilale nayo ndani juu ya baridi. Mkisikia kichwa kuuma au kizunguzungu, wote tokeni nje, kisha mwende kituo cha afya.

Kwa wafadhili: zile franga zilizobaki za kununua maua, tunaomba ziende kwenye mabati ya vibanda vya kupikia.

Maua msiyatupe. Siye tulioishi miaka chini ya shitingi kule kambini tunajua utamu wa kupanda kitu mlangoni pako. Yawekeni dirishani. Ila dirisha lenyewe lifunguliwe.