Chupa Sita za Mwigobero



Nimeombwa niseme machache juu ya ufundi wa umeme shuleni. Nitasimulia mtambo mmoja tu, koili ya Tesla tuliyoijenga wawili mwaka 1983 tukiwa kidato cha tatu, na jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Nikola Tesla alibuni koili hiyo mwaka 1891. Ni koili mbili zisizogusana, moja fupi na moja ndefu. Mitetemo yao ikilingana, ile fupi huisukuma ndefu kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake, volti zikapanda mpaka cheche zinaruka hewani.

Vifaa tulivipata Mwigobero. Fundi wa kusuka mota zilizoungua alitupa waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, tukauzungusha kwenye bomba la plastiki la inchi 2: mizunguko 900 katika sentimita 30, bila waya kupandana. Jioni nne nzima! Mmoja anazungusha, mwenzake anahesabu kwa sauti. Ukipiga chafya, hesabu imepotea. Juu tukafudikiza sufuria ndogo. Chini tukafunga waya kwenye nondo tuliyoichimbia katika mchanga wenye maji, hatua chache kutoka mwaloni. Koili fupi ilikuwa ya waya mnene, mizunguko 12.

Umeme ulitoka kwenye betri ya volti 12 na koili ya gari bovu, platini zikifunguka na kufunga tulipozungusha distribyuta kwa mkono. Kondensa kubwa ya kuhimili volti zile hatukuwa nayo. Tukachukua chupa sita za bia, tukazijaza maji ya chumvi, tukazivisha nje karatasi za aluminiamu. (Mwalimu Mkuu asishtuke, bia haikunywewa na sisi.)

Usiku wa kwanza, kimya. Tulikuwa tumeunga waya kwenye mzunguko wa mwisho wa koili fupi, na mitetemo haikulingana. Tukawa tunashusha kibanio mzunguko mmoja mmoja. Kilipofika wa nane, sufuria ikatoa cheche za zambarau zenye urefu wa sentimita 4. Nilipopiga hesabu baadaye niliona mtambo ulitetema mara laki saba hivi kwa sekunde, yaani ndani kabisa ya masafa ya kati ya redio. Ilikuwa saa mbili usiku. Watu wa mkahawa wa jirani, waliokuwa wakisikiliza taarifa ya habari ya RTD, walitoka nje wakitulaani.

Kesho yake ndipo yakatokea. Mwenzangu alikuwa anazungusha distribyuta. Mimi, kwa haraka ya kubadilisha chupa, nikachomoa waya wa koili ya gari yeye akiwa bado anazungusha. Ningeuacha, umeme ungerudi na kwisha kupitia koili ile ile. Nilipouchomoa, chupa zilibaki zimejaa. Nikamwambia, "Tayari, shika." Mkono mmoja ulishika waya wa ndani, wa pili ukashika aluminiamu. Umeme ukampitia kifuani. Alirushwa juu ya mawe, akavunjika kiwiko cha mkono.

Kwa mwalimu wa zamu nilisema aliteleza mwaloni akichota maji. Yeye alinisikia, akanyamaza. Plasta ikiwa mkononi akapewa adhabu ya kwenda ziwani bila ruhusa, wiki mbili za kufagia, na mimi nilimtazama akifagia kwa mkono mmoja.

Vijana wa klabu ya sayansi wameniomba niwasaidie kujenga koili yao. Nimekubali. Cheche za juu ndizo zinazotisha macho, lakini mauti yako chini, kwenye kondensa. Basi kondensa yao itafungwa rezista ya kumaliza umeme, na swichi itashikwa na mtu mmoja, ambaye hatagusa kitu kingine. Nimeleta pia fimbo hii kavu, yenye waya ulioungwa ardhini. Itagusishwa pande zote mbili za kondensa kabla ya mkono wa mtu yeyote, kila mara, hata kama mwenzako amekuambia tayari.

Mwenzangu ameketi pale, safu ya tatu. Ndugu walimu, hakuteleza.

Fimbo nitamkabidhi mwalimu wa fizikia.