Printa na Programu Huria: Taarifa ya Kijiji Ichapwe Kijijini

Mada kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Kibiti



Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Humo husomwa mapato na matumizi, kisha taarifa hubandikwa ubaoni. Taarifa isiyochapwa haibandikiki, na isiyobandikwa ni vigumu kuihoji. Kwa mkazi wa visiwa vya delta, kuchapa ukurasa mmoja mjini maana yake ni kungoja maji yajae, kulipa nauli ya chombo hadi Nyamisati, kisha kutafuta gari la Kibiti.

Programu huria hupunguza gharama hiyo. Ni programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili na kuirekebisha bila kununua leseni. Watanzania si wageni nayo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leo LibreOffice hufanya kazi hiyohiyo, hata katika kompyuta yenye Windows.

Katika kompyuta yenye Linux, uchapaji husimamiwa na CUPS, iliyoanza kutolewa mwaka 1999. Unganisha printa kwa waya wa USB, iwashe, kisha fungua sehemu ya printa kwenye mipangilio. Printa nyingi za karibuni hutambuliwa zenyewe. Za HP zina programu huria ya HPLIP. Chapa ukurasa wa majaribio kabla ya kazi yenyewe.

Maandishi yakikatwa pembeni au chini, kagua kwanza ukubwa wa karatasi. Mara nyingi kompyuta imepangiwa Letter, ambayo ni pana na fupi kuliko A4 inayouzwa madukani kwetu. Waraka unaopelekwa kwa flashi kwenye kompyuta nyingine uhifadhiwe kama PDF, ili mistari na majedwali yasihame.

Kabla ya kununua, kijiji kitazame umeme wake. Printa ya leza hupasha moto unga wa wino, na wakati huo huvuta mamia ya wati. Inveta ndogo ya sola huzimika. Printa ya wino wa maji hutumia umeme kidogo, lakini wino hukauka isipotumika, hivyo ichape walau ukurasa mmoja kila wiki. Karatasi zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, kwani unyevu wa pwani huzifanya zigandane na kukwama.

Aliyechapiwa nakala ya kitambulisho aombe faili lake lifutwe kabla hajaondoka.

Mkutano ujao wa kijiji ukifika, wananchi waulize: taarifa iko ubaoni?