Somo: Imani na Matendo Mema



Wapendwa wasikilizaji, leo tutafakari swali moja: Je, mtu huokolewa kwa imani au kwa matendo yake?

Wako Wakristu wasemao: «Nimebatizwa, naamini, yatosha.» Husali rozari kila jioni, bali mjane jirani yao akilala njaa, hufunga mlango. Wako na wengine wasemao: «Nimetoa mabati ya kanisa, sasa Mungu ana deni kwangu.» Wote hao wamekosea.

Tazameni mgomba. Hauzai mkungu ili upate uhai. Huzaa kwa kuwa una uhai. Lakini ukitoa majani tu, miaka nenda miaka rudi, mwenye shamba hujua kwamba una ugonjwa. Vivyo hivyo neema ya Mungu hainunuliwi; tuliipokea bure katika Ubatizo. Hata imani yenyewe ni zawadi. Ila ikiwa hai, haikosi kuzaa. Ndiyo maana Mtume Yakobo aifananisha imani isiyo na matendo na mwili uliotokwa na roho.

Sisi wa Bukavu tunaye shahidi wa jambo hili, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno wa Rwanda waliingia katika nchi yetu, naye aliwatetea wanyonge bila kuchoka. Vita ilipofika mjini mwaka 1996, wengi walikimbia; yeye alibaki na kundi lake. Tarehe 29 Oktoba wanajeshi walimwua hapo Nyawera. Je, alibaki ili ajinunulie mbingu? Hasha! Alimsadiki Mchungaji Mwema, kwa hiyo hakuweza kuwaacha kondoo.

Sisi pengine hatutaombwa damu. Tutaombwa sahani ya unga, mkeka wa mgeni aliyekimbia vita, na neno la msamaha kwa ndugu tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Hili la mwisho ndilo gumu kupita yote.

Swali: Kwa nini Mkristu hutenda mema?
Jibu: Kwa sababu Mungu amempenda kwanza, na neema yake yafanya kazi ndani yake.

Azimio la juma hili: kabla ya Dominika, kila mmoja amwendee mtu mmoja mwenye shida, wala asijisifu shirikani.

Mungu awabariki. Amina.