Kabla ya Kununua Magnesiamu

Iyunga, Mbeya, jirani na stesheni ya TAZARA, mtu aliyeamka usiku moyo ukimruka huliona duka la dawa kabla hajaiona mashine ya kupima umeme wa moyo. Asubuhi anaulizia magnesiamu, kwa sababu ameambiwa inatuliza mapigo.

Madini haya kweli yanauhusu moyo. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25, nyingi zikiwa mifupani, na zilizomo kwenye damu hazifiki hata asilimia 1 ya hizo. Yakipungua sana, moyo huweza kwenda ovyo. Magnesiamu salfeti, sindano ileile inayookoa mama mwenye kifafa cha mimba, hutumika hospitalini kutuliza aina ya mapigo ya hatari aliyoieleza daktari Mfaransa François Dessertenne mwaka 1966.

Lakini hiyo ni sindano ya dharura. Kwa mtu ambaye madini yake hayajapungua, ushahidi kwamba vidonge hunyoosha mapigo ni haba.

Kwa hiyo mwenye duka la dawa na aulize kwanza: unameza nini tayari? Frusemaidi na haidroklorothiazaidi, wanazopewa wagonjwa wengi wa presha na moyo, hutoa magnesiamu na potasiamu kwa njia ya mkojo. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo ikitumika muda mrefu nayo huishusha. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2011. Mgonjwa kama huyo akipimwa damu na kukutwa amepungukiwa, magnesiamu ni tiba yake halali. Mwenye figo dhaifu yuko upande wa pili kabisa: madini hayatoki, yanarundikana, na yakizidi hupunguza kasi ya moyo na hata kuzuia pumzi. Vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia navyo huwa na magnesiamu, na wengi hawavihesabu kuwa dawa.

Nyanda za Juu Kusini zina jambo jingine. Kabla chumvi yenye madini joto haijaenea miaka ya 1990, goita ilikuwa jambo la kawaida huku. Goita ya siku nyingi huweza kuanza kumwaga homoni kupita kiasi, na moyo wa mzee ukapoteza mpangilio. Hapo magnesiamu haigusi chanzo. Haiponyi presha wala vali zilizoharibika pia.

Anayetaka kuila kwenye chakula hana haja ya kwenda mbali: maharage, karanga, mbegu za maboga, na dona, maana mahindi yakikobolewa kuwa sembe hupoteza sehemu kubwa ya madini hayo.

Moyo ukiruka huku mtu anazimia, kifua kinauma, pumzi inakata au mdomo unapinda, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Wanaompeleka wachukue maboksi yote ya dawa anazotumia, za kiungulia zikiwemo.