Mlango wa Ndoa na Mlango wa Nyumba

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Luka, sura ya 15, tangu mstari wa 11 hata mwisho. Mwenye Biblia na aiweke karibu, maana tutairudia.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa mlangoni nikiwapa watu mkono. Mama mmoja alingoja mpaka wengine wote wameondoka. Ameniruhusu kusimulia habari hii, mradi nisimtaje jina. Akaniuliza, "Mchungaji, ni kweli kwamba makanisa ya ng'ambo yanawafungisha ndoa wanaume wawili? Na sisi tutafanya hivyo?"

Nikamjibu, "Ni kweli, Mama, ingawa si makanisa yote." Nikamweleza kwamba Kanisa la Kilutheri la Sweden lilianza mwaka 2009, na Kanisa la Kiaskofu la Marekani likakubali mwaka 2015. Wamethodisti wa Uingereza waliamua hivyo mwaka 2021, na Kanisa la Scotland mwaka 2022, ila halimlazimishi mchungaji ambaye dhamiri yake inamkataza. Kanisa la Uingereza halifungishi ndoa hizo, lakini tangu Desemba 2023 limeruhusu sala za kuwabariki watu wa namna hiyo.

Habari hizi zatuuma, na sababu yake ni wazi. Hao si wageni kwetu. Wazee wao ndio walioileta Injili Rabai, Ribe na Kikuyu. Ni kama mtoto kusikia kwamba mama yake amebadili neno alilomfundisha.

Ndugu zangu, tusiwasingizie. Hao nao wanasoma Biblia. Husema kwamba Mungu ni pendo, na kwamba watu wawili wakiahidiana uaminifu wa maisha, kanisa lisiwanyime baraka. Wanakumbusha jinsi mitume, katika Matendo sura ya 15, walivyowapokea watu wa Mataifa bila kuwatwika mzigo wa tohara. Sisi twajibu kwamba Bwana Yesu alipoulizwa habari za talaka, katika Mathayo 19, alirudi mpaka mwanzo wa uumbaji, akaiweka ndoa juu ya mume na mke. Hapo ndipo makanisa yetu mengi ya Kenya yamesimama, na mimi nimesimama hapo. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 45, yataja haki ya mtu mzima kuoana na mtu wa jinsia nyingine. Kwa hiyo nilimwambia yule mama, "Hapana, sisi hatutafungisha ndoa hizo."

Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Asante, Mchungaji. Lakini habari za Ulaya si zangu. Mimi nina kijana. Ni miaka miwili hajakanyaga nyumbani. Alitueleza jinsi alivyo, na baba yake akamwambia asirudi. Krismasi hii nataka kumwita. Akija, ataketi wapi kanisani?"

Wapenzi wasikilizaji, nilinyamaza. Nilikuwa na majibu tele juu ya mlango wa ndoa, kumbe yeye alikuwa akibisha mlango wa nyumba.

Hapo nikakumbuka jambo. Mwaka 1998 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Uingereza katika Mkutano wa Lambeth. Kwa kura 526 dhidi ya 70 walisema kwamba ndoa ni ya mume na mke, na kwamba hawawezi kukubali kubariki ndoa za watu wa jinsia moja. Azimio hilo tumelisikia mara nyingi. Lakini lilikuwa na upande wa pili. Maaskofu hao hao walisema kwamba watu wenye maelekeo hayo wanapendwa na Mungu, na kwamba wote waliobatizwa, wanaoamini na walio waaminifu ni viungo kamili vya mwili wa Kristo. Wakaahidi kuwasikiliza. Wakakemea woga usio na msingi juu yao. Sisi tumeshika nusu ya kwanza kwa mikono miwili. Nusu ya pili tumeiacha chini.

Je, mtu aweza kulinda mafundisho ya ndoa na bado akafungua mlango? Wazee wetu walifanya hivyo. Kwa miaka mia moja, tangu Lambeth ya mwaka 1888, mume wa wake wengi hakuruhusiwa kubatizwa maadamu anaishi nao. Wengine waliwafukuza wake zao ili wapate ubatizo, na wanawake hao wakabaki na watoto, bila shamba wala tegemeo. Mwaka 1988 maaskofu walikubali kwamba mtu kama huyo, akiahidi kutoongeza mke, aweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wanaoamini, bila kulazimishwa kuwaacha. Mambo haya mawili si sawasawa, nami sisemi ni sawa. Nasema hivi tu: kanisa halikuacha kufundisha ndoa ya mke mmoja. Lilijifunza kwamba mafundisho ya kweli yaweza kushikwa kwa namna inayowaumiza watu wa Mungu.

Sasa turudi Luka 15. Katika mfano ule, ni nani anayebaki nje ya nyumba mwishoni? Ni yule kaka mkubwa, aliyefanya kazi vizuri na kushika kila amri. Yeye hata hataki kumwita mwenzake ndugu; kwa baba anasema, huyu mwana wako. Na baba anatoka nje kumsihi huyo naye. Tahadhari, mpenzi msikilizaji. Mtu aweza kuilinda nyumba ya baba yake mpaka akashindwa kuingia ndani.

Basi tufanye nini? Kijana akituambia siri yake, tusimpige, wala tusimfukuze, wala tusiipeleke siri hiyo sokoni. Wala tusimharakishe aoe binti wa watu ili kuifunika aibu ya jamaa. Wengi hufanya hivyo na kusema wameilinda ndoa. Lakini yule binti naye ni mtoto wa mtu. Ameletwa madhabahuni kwa uongo, naye atalia usiku bila kujua kosa lake. Anayesema ndoa ni takatifu na aanze kwa kuikataa ndoa ya namna hiyo.

Yule mama nilimwambia, "Mpigie simu. Akija, ataketi nawe, katika benchi lenu lile lile. Nami nitakuja nyumbani kuzungumza na baba yake." Sikumwahidi kwamba mambo yote yatakuwa mepesi. Kijana huyo huenda hatakubaliana na mahubiri yangu, nami huenda sitakubaliana naye. Lakini hatuwezi kusemezana iwapo mmoja wetu amefungiwa nje.

Na tuombe. Ee Baba mwema, wewe unayewaona wanao wakiwa bado mbali, tusamehe pale tulipofunga mlango ulioufungua wewe. Utupe kuishika kweli yako bila ugumu wa moyo. Uwafariji wazazi wanaongoja, na uwalinde watoto walio mbali na nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.