Kitambi katika mji wa almasi

Msikilizaji, jina la Maganzo likitajwa, fikra hukimbilia almasi. Mji huu mdogo wa wilaya ya Kishapu, kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, umeishi na mgodi wa Mwadui tangu mjiolojia wa Kanada, John Williamson, alipoigundua almasi hapo mwaka 1940. Mengi yamesemwa kuhusu nani ametajirika na nani ameachwa. Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo halimo kwenye mikataba wala halipimwi kwa karati: uzito wa miili ya watu wanaoishi kando ya machimbo, kuanzia hapa Kishapu, kupita Kahama, hadi Geita. Maoni yangu ni kwamba unene unaoongezeka katika ukanda huu unasomwa vibaya. Wengine wanauona kama cheti cha mafanikio, wengine kama ushahidi wa uvivu. Mimi nasema unaonyesha namna chakula kinavyopatikana mahali ambapo fedha huja kwa siku na jembe limewekwa pembeni.

Tuanze na takwimu. Utafiti wa afya na idadi ya watu nchini wa mwaka 1991 na 1992 ulikuta wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri ni karibu asilimia 11. Mwaka 2010 wakawa asilimia 22, na kufikia 2015 na 2016 asilimia 28. Mijini walikuwa asilimia 42, vijijini 21. Msikilizaji wa haraka atasema: si umeona, ni ugonjwa wa mjini. Lakini mwanamke mmoja kati ya watano kijijini si jambo dogo. Isitoshe, mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vipimo vya watu wazima milioni 112 duniani, ukaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya ongezeko la uzito tangu 1985 hadi 2017 limetoka vijijini. Haki inadai niongeze kwamba wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara walitajwa humo kama kundi la tofauti: kwao mjini ndiko kulikoendelea kuongoza. Hapo ndipo napata shaka na lile neno vijijini. Maganzo tuiweke wapi? Ina mashamba ya pamba na mtama upande mmoja, na upande mwingine malori, vibanda vya chipsi, maduka ya soda na mabroka wa almasi. Anayeishi hapa ana kipato kisicho na uhakika kama cha mkulima, ila anakula kama mtu wa stendi. Ukimhesabu pamoja na mfugaji wa ndani kabisa ya wilaya, wastani utakaopata hauwaelezi wote wawili.

Sasa, kinachonenepesha ni nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba watu wameacha kutembea. Wapo watafiti waliowafuatilia watu 209 waliohama kutoka vijijini Morogoro kwenda Dar es Salaam, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Ndani ya mwaka mmoja tu, wanaume kwa wanawake, waliongezeka wastani wa zaidi ya kilo mbili kila mmoja. Wanaume wenye shughuli za kutoa jasho walishuka kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 30. Cha kushangaza, watu haohao walianza kula matunda na mboga zaidi kuliko walivyokula kijijini, nyama nyekundu nayo ikaongezeka. Kwa hiyo ule wimbo wa kula mboga, peke yake, haukuwaokoa. Lakini usikimbilie kuhitimisha kwamba jasho ndilo kila kitu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi ya ndugu zao wanaishi Meatu, jirani zetu kabisa. Wanaume wao hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, lakini nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, ilikaribiana na ya Mmarekani anayekaa ofisini. Mwili hujua kubana matumizi. Mazoezi yana faida nyingi kwa moyo, kwa sukari na kwa presha, wala sitaki mtu aache. Ila tukitaka kuelewa kitambi, sharti tuangalie sahani kwa ukali uleule tunaoangalia miguu.

Na sahani ya machimboni ina mantiki yake. Aliyelipwa leo jioni baada ya mgao wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hana ghala. Ananunua chakula cha leo, leo, mahali palipo wazi saa hiyo. Kinachoshibisha haraka kwa fedha ndogo ni sembe, wali, maandazi, chapati na chipsi. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe huacha maganda na kiini mashineni, na nyuzinyuzi zinazochelewesha njaa huondoka nayo. Gramu moja ya mafuta ina nishati zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na mafuta siku hizi yanauzwa kwa kupimiwa, kidogo kidogo, kiasi kwamba hata mwenye shilingi chache hayakosi. Kisha kuna soda. Chupa ya mililita 350 hubeba sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, ikiwezekana, asivuke gramu 25 kwa siku nzima, yaani kama vijiko sita. Aliye ndani ya duara huchoma sehemu ya nishati hiyo akipiga sururu. Mpishi anayeketi jikoni tangu alfajiri, mwenye duka, broka, dereva na mlinzi wa zamu ya usiku asiyelala vizuri wanakula chakula kilekile bila sururu. Wote hao sijaona mahali pa kuwaita wavivu. Mama lishe anafanya kazi saa nyingi kuliko mtu yeyote katika mji huu.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa lishe hulipita haraka mno. Ukanda wa ziwa ulikutana na UKIMWI mapema: wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na machimbo yaliumizwa sana. Kukonda kukawa habari ya kunong'onezwa. Mtu aliyepungua kilo tano alianza kuulizwa maswali kwa macho. Dawa za kufubaza virusi zipo sasa, ila hofu huchelewa kuondoka kuliko virusi kwenye damu. Ukimwambia mwanamke wa Maganzo apunguze mwili, unamwomba pia abebe minong'ono ya majirani. Ushauri usiolijua hilo utaishia mlangoni mwa zahanati.

Najua hoja itakayoletwa: katika nchi ambayo watoto watatu kati ya kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kama utafiti wa 2022 ulivyoonyesha, kuzungumzia unene si anasa? Ingekuwa anasa kama ni nyumba mbili tofauti. Mara nyingi ni nyumba moja. Uji mtupu wa sembe unaomdumaza mtoto na maandazi yanayomnenepesha mama vina kasoro ileile: nishati ipo, virutubisho havipo. Na mtoto aliyekosa lishe tumboni na utotoni huwa katika hatari kubwa zaidi ya kisukari na presha akija kunenepa ukubwani. Wapo pia wanaosema dawa ni kurudi kwenye mtama, uwele na michembe ya viazi vitamu. Napenda michembe, lakini sipendi hadithi ya zamani iliyopakwa sukari. Njaa ilikuwepo Usukumani, na kutwanga kulikuwa mgongo wa mwanamke. Mtama utarudi mezani pale mashine itakapousaga karibu na kwa bei ya sembe, si pale atakapohubiriwa mtu.

Basi sheria ya madini, kwa marekebisho ya 2017, inazitaka kampuni za migodi ziandae kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii na kuupeleka halmashauri uidhinishwe. Fedha hizo zimezoea madarasa na majengo ya zahanati, na hakuna ubaya. Madiwani wa Kishapu, Kahama na Geita wanaweza kuongeza mistari mitatu isiyo ghali: maji safi ya kunywa sokoni na machimboni yawe rahisi kuliko soda, mashine za kusaga dona na mtama zipewe kipaumbele, na siku ya mnada pawepo mhudumu mwenye mizani ya watu wazima, kipimo cha presha na utepe wa kiuno. Mizani iliyozoeleka katika zahanati zetu ni ya watoto na wajawazito, na mwanamume wa miaka 45 mwenye kiuno cha sentimita 110 hana siku ya kwenda kliniki mpaka aanguke.